Andreas Grüntzig: Daktari aliyetengeneza puto la moyo juu ya meza ya jikoni

Mfanyabiashara akiambiwa na daktari kwamba valvu ya moyo wake imebana, maswali mawili hutangulia mengine yote. Matibabu ni kiasi gani, na nitakaa nje ya biashara kwa muda gani?

Kwa miaka mingi swali la pili lilikuwa na jibu moja. Mfupa wa kifua unakatwa kwa msumeno, moyo unasimamishwa, mashine inafanya kazi ya kuzungusha damu, valvu mbovu inakatwa na nyingine inashonwa mahali pake. Mfupa huo huchukua wiki nyingi kuunga, na mtu aliyekatazwa kuinua ndoo ya maji hawezi kuinua bunda la vitenge wala kushusha magunia kwenye lori. Siku hizi kwa baadhi ya wagonjwa jibu ni jingine. Valvu mpya inakunjwa na kubanwa juu ya puto jembamba, inaingizwa kupitia tundu dogo kwenye kinena, inapandishwa ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Pale puto linajazwa, valvu inafunguka kama mwavuli na kukaa. Puto linanywea na kutolewa. Wapo wanaorudi nyumbani baada ya siku chache, kifua kikiwa hakijaguswa na kisu.

Waliobuni valvu ya namna hiyo tutawafikia. Lakini puto linalobeba mzigo huo mpaka moyoni lina historia yake, na historia hiyo inaanza na kijana mmoja wa Ujerumani aliyezoea kuhama nchi tangu utotoni.

Andreas Grüntzig alizaliwa Juni 25, 1939 katika mji wa Dresden, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza. Baba yake alichukuliwa jeshini kama mtaalamu wa hali ya hewa na hakurudi. Mama alibaki na wavulana wawili katika nchi iliyovunjika vipande. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwachukua hadi Buenos Aires, Argentina, kutafuta maisha kwa ndugu. Hawakukaa sana. Walirudi Leipzig, mji ambao kwa wakati huo ulikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, na Andreas akamalizia shule huko.

Kabla ukuta wa Berlin haujajengwa mwaka 1961, vijana wengi wa Mashariki walivuka kwenda Magharibi, na yeye na kaka yake walikuwa miongoni mwao. Alisomea udaktari Heidelberg, akahitimu mwaka 1964. Akafanya kazi hapa na pale Ujerumani, akaenda London kusoma namna magonjwa yanavyoenea katika jamii, kisha mwaka 1969 akaajiriwa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Zurich, Uswisi. Ukihesabu, hiyo ilikuwa nchi yake ya tano akiwa na miaka 30 tu.

Mwaka ule ule aliohitimu, kitu kilikuwa kimetokea Marekani ambacho madaktari wengi wa huko walikicheka. Huko Portland, katika jimbo la Oregon, bibi wa miaka 82 alikuwa na mguu unaooza kwa kukosa damu na alikataa katakata kukatwa. Charles Dotter, daktari wa eksirei, aliingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa wa mguu, akaupitisha kwenye sehemu iliyoziba, kisha akapitisha mrija mnene zaidi juu ya ule wa kwanza, mpaka njia ikapanuka. Mguu ukapona. Madaktari wa upasuaji nchini mwake walimwona kama mtu wa vituko. Ulaya ndiko walikomsikiliza, na Grüntzig alijifunza mbinu hiyo kutoka kwa daktari wa Kijerumani, Eberhard Zeitler, aliyekuwa akiitumia.

Aliipenda, lakini aliuona udhaifu wake mara moja. Mrija wa Dotter ulisukuma kwa nguvu kwenda mbele, kama mtu anayepitisha fimbo kwenye bomba lililojaa tope. Uchafu uliweza kumeguka na kwenda kuziba mbele zaidi. Tena, ili upanue mshipa kwa milimita kadhaa, ilikubidi utoboe tundu la ukubwa huo huo pale unapoingilia. Grüntzig alitaka kitu kinachoingia kikiwa chembamba na kunenepa kikishafika.

Puto lilikuwa jibu ambalo wengine pia walikuwa wamelifikiria. Ugumu ulikuwa kwenye mpira wenyewe. Msomaji aliyewahi kujaza upepo tyubu ya baiskeli nje ya tairi anajua kinachotokea: tyubu haivimbi sawasawa, inatoka nundu pale penye ulegevu. Ndani ya mshipa ilikuwa vivyo hivyo. Puto la mpira lilipofika penye kizuizi kigumu lilivimba mbele na nyuma yake, kizuizi chenyewe likakiacha, na likizidi kujazwa linaweza kupasua sehemu nzima ya mshipa. Kilichotakiwa ni puto linalofika unene uliopangwa na kukataa kuendelea, hata ukilijaza kwa nguvu kiasi gani. Kwa maneno mengine, tyubu iliyo tairi papo hapo.

Hapo ndipo jikoni kunapoingia. Mchana Grüntzig alikuwa daktari wa wodi. Jioni meza ya chakula katika nyumba yake mjini Zurich ilijaa mirija ya plastiki, gundi, nyembe na nyuzi. Mkewe Michaela alisaidia, na msaidizi wake wa hospitali Maria Schlumpf akaja pamoja na mumewe Walter. Walikata, wakagundisha, wakapasha moto, wakajaza hewa, puto likapasuka, wakaanza upya. Walijaribu kuzungushia puto uzi wa hariri ili kulizuia lisivimbe kupita kiasi. Likawa nene mno. Hali hii ilichukua miaka.

Mkwamo uliondolewa na mzee mstaafu. Heinrich Hopff, profesa wa kemia aliyekuwa amemaliza utumishi wake mjini Zurich, alimwelekeza kwenye plastiki ya PVC iliyotengenezwa kwa ukuta mwembamba sana. Ndiyo plastiki ile ile ambayo leo inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi kama mabomba ya maji, ila hii ilikuwa nyembamba kama utando. Ikipashwa moto na kupulizwa vizuri, ilitoa puto dogo lenye umbo la soseji, lililofika kipimo chake na kugoma hapo.

Februari 12, 1974 alilitumia kwa mara ya kwanza kwa binadamu, kwenye mshipa wa mguu. Lilifanya kazi. Mwaka uliofuata akapata mrija wenye njia mbili ndani yake, moja ya kujazia puto na nyingine ya kupima msukumo wa damu na kupitishia dawa inayoonekana kwenye eksirei.

Mguu haukuwa shabaha yake, hata hivyo. Tangu mwanzo alikuwa akiutazama moyo. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe ina upana wa milimita 2 hadi 4 hivi, na haitulii, inaruka pamoja na moyo kila unapodunda. Ukikosea kwenye mguu, mgonjwa anaweza kupoteza mguu. Ukikosea pale, una dakika chache. Alifanya majaribio kwa mbwa, akafanya kwa maiti, akapeleka matokeo kwenye mkutano wa madaktari wa moyo Marekani mwaka 1976. Aliyatundika kwenye bango, watu wakapita wakisoma, na wengi waliondoka wakiwa hawajaamini. Mmoja aliyesimama ni Richard Myler wa San Francisco. Mei 1977 wawili hao walijaribu puto kwa wagonjwa waliokuwa tayari wamefunguliwa kifua kwa upasuaji wa kawaida, ili wajue kama uchafu unameguka na kwenda mbele. Walikagua, na hawakuona tatizo walilolihofia.

Hapa niseme neno kuhusu mtu ambaye husahaulika katika simulizi hii. Mkuu wa upasuaji wa moyo Zurich alikuwa Åke Senning, Msweden ambaye mwaka 1958 aliweka kifaa cha kwanza cha kurekebisha mapigo ya moyo ndani ya mwili wa binadamu. Kama puto lingefaulu, sehemu ya wagonjwa wake ingehamia kwa Grüntzig. Ni sawa na mwenye duka kubwa kumpisha kijana aweke meza mbele ya mlango wake, auze bidhaa ile ile kwa bei ya chini. Senning alikubali, tena akatoa chumba chake cha upasuaji kikae tayari na watu wake wakisubiri, kwa ajili ya siku ambayo puto lingeharibu. Bila ruhusa hiyo Zurich isingeandikwa popote.

Septemba 16, 1977 alilazwa mezani mwanamume wa miaka 38, muuzaji wa bima, mwenye maumivu makali ya kifua. Mshipa mkubwa wa mbele ya moyo ulikuwa umebana mahali pamoja, pafupi. Alijua kwamba atakuwa wa kwanza na alikubali. Grüntzig aliingiza mrija kwenye kinena, mgonjwa akiwa macho, amechomwa ganzi ya mahali pale tu. Puto likafika, likajazwa, likanywea, likajazwa tena. Picha ilionyesha mshipa umefunguka. Timu ya Senning iliyokuwa ikisubiri haikuitwa.

Miezi miwili baadaye alirudi Marekani na wagonjwa wanne wa kuwaeleza. Safari hii hakupewa bango bali jukwaa, na ukumbi ulimpigia makofi kabla hajamaliza kusema.

Kwa mtu wa biashara, kilichofuata ndicho cha kutazamwa kwa makini. Grüntzig alikuwa na bidhaa ambayo kila hospitali kubwa iliitaka. Kampuni ndogo ya Schneider ya mjini Zurich ndiyo iliyokuwa ikimtengenezea mirija. Angeweza kuacha mzigo uende kila upande na kuhesabu fedha. Badala yake aliubana. Mwanzoni mirija hiyo ilikwenda kwa madaktari waliojifunza kwake. Mwaka 1978 akaanzisha mafunzo ya aina yake: alitibu wagonjwa halisi katika chumba kimoja huku madaktari waliotoka nchi mbalimbali wakitazama kupitia televisheni katika ukumbi wa pili, wakiuliza, naye akijibu akiwa kazini. Jambo likienda vibaya, walikuwa wakiona. Hakuna aliyeweza kukata mkanda na kuonyesha sehemu nzuri peke yake.

Ripoti yake ya mwaka 1979 kuhusu wagonjwa 50 wa kwanza ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Puto lilifaulu kwa 32. Kwa hao, wastani wa kubana ulishuka kutoka asilimia 84 hadi 34. Watano katika wale 50 walizidiwa ikabidi wapasuliwe kifua kwa dharura, na watatu kati yao walionyesha dalili za sehemu ya moyo kufa. Aliandika yote hayo, kisha akaongeza kwamba kwa makadirio yake njia hii ingewafaa asilimia 10 hadi 15 tu ya wanaosubiri upasuaji wa kawaida, na kwamba ulihitajika utafiti wa kuilinganisha na upasuaji na dawa. Nimesoma matangazo mengi ya dawa na vifaa vya hospitali. Sikumbuki muuzaji aliyejipunguzia soko namna hiyo kwa hiari yake. Katika hilo la asilimia alikosea. Puto lilikwenda mbali kuliko alivyokadiria.

Zurich ilimbana. Vitanda na nafasi za kazi alizopewa zilikuwa chache, na mwaka 1980 alihama tena, safari hii kwenda Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, Marekani. Huko alipata vyumba, wasaidizi, fedha na umaarufu. Wagonjwa walikuja kutoka mbali na madaktari walikuja kwa mamia kutazama mikono yake. Alipenda mavazi mazuri, sherehe, na mwendo wa kasi. Wakati mmoja alilala mwenyewe mezani, mwenzake akampitishia mrija na kupiga picha mishipa ya moyo wake, na jioni ile akaenda kwenye sherehe. Alijifunza urubani na kununua ndege yake.

Mtu aliyekuwa mwangalifu kiasi kile kwa mioyo ya wengine hakuwa hivyo angani. Jumapili ya Oktoba 27, 1985, hali ya hewa ikiwa mbaya, aliirusha ndege yake ndogo kurudi Atlanta kutoka pwani ya Georgia, akiwa na mke wake wa pili, Margaret Anne, naye daktari. Ilianguka karibu na mji wa Forsyth. Wote wawili walikufa. Grüntzig alikuwa na miaka 46. Dotter, aliyeanza na mguu wa yule bibi, alikuwa amefariki Februari ya mwaka huo huo.

Kufikia siku hiyo puto lilikuwa limeshaingia kwenye valvu. Valvu ni milango midogo inayoruhusu damu kwenda upande mmoja na kuizuia isirudi. Mwaka 1982, Jean Kan na wenzake wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, walitumia puto kufungua valvu ya mtoto iliyozaliwa ikiwa imebana. Mwaka ule ule huko Japani daktari wa upasuaji Kanji Inoue alilitengeneza puto la aina yake kwa ajili ya valvu ya upande wa kushoto, ile inayoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Septemba 1985, mwezi mmoja kabla ya ajali, Mfaransa Alain Cribier katika mji wa Rouen alijaza puto ndani ya valvu kuu ya kutolea damu ya mgonjwa mzee ambaye valvu yake ilikuwa imegeuka ngumu kama chokaa.

Valvu hiyo ya chokaa ilifunguka, ila kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo ilibana tena baada ya miezi. Kwenye mishipa pia tatizo hilo lilikuwepo, na tangu mwaka 1986 lilianza kupunguzwa kwa stenti, wavu wa chuma unaoachwa ndani ushikilie njia. Basi Cribier akawaza: kwa nini wavu huo usibebe valvu nzima? Hakuwa peke yake. Mwaka 1989 Henning Rud Andersen wa Denmark alikuwa amenunua waya kwenye duka la vifaa, akachukua mioyo ya nguruwe buchani, akatengeneza valvu kwa mikono yake na kuiweka juu ya puto. Aliipandikiza kwa nguruwe hai. Mwaka 2000 Philipp Bonhoeffer alimwekea mtoto wa miaka 12 mjini Paris valvu iliyotoka kwenye mshipa wa shingo ya ng'ombe, upande wa damu iendayo mapafuni. Na Aprili 16, 2002 Cribier aliweka valvu kuu kwa mwanamume wa miaka 57 ambaye madaktari wa upasuaji walikuwa wamemkataa kwa kuwa asingestahimili kisu. Moyo wake ulipata nafuu. Mwili wake, uliokuwa na maradhi mengine mazito, ulishindwa miezi minne baadaye. Nyingi ya valvu za leo za aina hii hushonwa kwa ngozi laini inayofunika moyo wa ng'ombe, jambo ambalo wasafirishaji wa mifugo hawakosi kulishangaa wakilisikia.

Bei yake ni suala jingine. Nchini Marekani valvu moja kama hiyo imekuwa ikiuzwa kwa dola zipatazo 30,000, kabla ya kulipa kitanda na daktari. Kwa watu wa ukanda wetu, kwa maoni yangu, puto la Inoue lina maana kubwa zaidi kuliko valvu ya Cribier. Valvu nyingi zinazobana hapa si za wazee wenye chokaa. Ni za vijana, wengi wao wanawake, waliougua maambukizi ya koo utotoni yasitibiwe vizuri kwa penisilini, homa ikapanda viungoni na kushuka moyoni. Valvu ya namna hiyo, ikiwa haijaharibika sana, inaweza kufunguliwa kwa puto peke yake bila kuwekwa mpya, na maabara za moyo za kufanyia kazi za tundu dogo zipo leo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Anayechoka kupanda ngazi za ghorofa za Kariakoo akiwa na miaka 25, au anayehema usiku akilala chali, asingoje kwenda India ndipo apimwe.

Yule muuzaji wa bima wa Zurich aliishi. Mwaka 1987, miaka 10 baada ya siku yake mezani, alikwenda Atlanta, akapitishiwa mrija tena na kupigwa picha. Mahali palipotanuliwa palikuwa bado wazi. Daktari aliyepatanua alikuwa amekufa miaka miwili nyuma.